Katibu Eliasi na Safari ya Mikumi

Eliasi alikuwa mtunza bohari katika kiwanda cha umma cha maturubai na mahema, Barabara ya Pugu, na kwa miaka minne alikuwa pia Katibu wa Kamati ya Ustawi na Matembezi ya wafanyakazi. Katika miaka hiyo minne kamati ilistawi sana. Kutembea ndiko kulikokuwa bado.

Alikuwa Mngoni wa upande wa Peramiho, mrefu, mwembamba, mwenye kalamu mbili mfukoni mwa shati: ya bluu kwa mambo yaliyopendekezwa, nyekundu kwa mambo yaliyopitishwa. Ya bluu ilikuwa ikiisha wino kila baada ya wiki tatu. Nyekundu alikuwa nayo ile ile tangu achaguliwe. Aliishi Kariakoo, Mtaa wa Mkunguni, katika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati, chumba cha pili kulia, pamoja na mkewe Theopista na watoto watatu.

Safari ya kwanza aliyoipanga ilikuwa ya Bagamoyo. Hiyo ilifia katika kamati ndogo, ambayo haikukubaliana kama Bagamoyo ni mbali vya kutosha kuitwa safari. Ya pili ilikuwa ya Selous. Mwongozaji wa huko aliandika kwamba njia hufungwa wakati wa masika. Kamati ilichukua miezi mitatu kumjibu kwamba imeipokea taarifa hiyo kwa masikitiko, na jibu lilimfikia wakati wa masika. Ya tatu ilipangwa vizuri kuliko zote, lakini lori likachukuliwa kwenda kusomba mavuno, na hakuna mtu mwenye akili anayeweza kuyalaumu mavuno.

Aliyeumia si Eliasi. Yeye baada ya kila safari iliyokufa alibaki na jalada, na jalada lilimtosha. Aliyeumia ni Theopista, ambaye alikuwa akiuza bamia na nyanya chungu katika soko jipya, na kila mara alikuwa ameshawaaga wenzake. Mara tatu aliaga, na mara tatu Jumatatu ilimkuta papo hapo nyuma ya mafungu yake. Watu wa sokoni hawana huruma katika mambo ya namna hiyo.

"Mama Severa, tembo hawajambo?"

"Umewapa salamu zetu, au walikuwa kikaoni?"

Theopista alicheka nao, maana ukinuna sokoni umekwisha. Lakini Eliasi alipomwambia kwamba kuna mpango wa nne, wa Mikumi, alikaa kitandani.

"Baba Severa, nitaaga kwa mara ya nne," alisema. "Nikirudishwa sokoni bila kuona hata nyani, neno mpango lisisikike tena ndani ya chumba hiki. Hata mpango wa kuchemsha maji."

Eliasi aliahidi. Kisha akaenda kununua karatasi.

Mpango wa Mikumi ulikuwa wa siku mbili na usiku mmoja, watu thelathini, kurasa kumi na tisa. Basi liliazimwa kutoka shirika jirani. Barua ya kuazima basi ilihitaji kuambatishwa kibali cha petroli, na kibali cha petroli kilihitaji barua ya kuthibitisha kwamba basi limekwisha azimwa. Eliasi alizipiga chapa barua zote mbili siku moja akampa tarishi mmoja, na kwa njia ambayo mpaka leo haieleweki, zote zikakubaliwa. Mbuzi mmoja wa kitoweo naye aliandikiwa barua yake ya kusafiri.

Malazi yalikuwa katika bweni la wageni karibu na lango la mbuga, vitanda vya juu na chini. Zamzam, aliyekuwa mshonaji kiwandani na mpangaji mwenzao pale Mkunguni, chumba cha nne, alisimama katika mkutano wa wafanyakazi akauliza kwa nini watu wanaoshona mahema wasilale kwenye mahema.

"Mahema ni mali ya umma, dada," alijibiwa.

"Na sisi ni nani?"

Swali lake liliandikwa katika Mengineyo.

Ili watu wapate usingizi, Eliasi alitoa fomu ya kukoroma, ijazwe na mume au mke wa msafiri: hakoromi, anakoroma kiasi, anakoroma. Wanawake wengi waliijaza kabla hata hajamaliza kuieleza. Mke wa Mwenyekiti wa kamati, Mzee Abbasi, fundi mkongwe wa cherehani, aliandika pembeni: "Njooni mjionee." Kwa fomu hizo Eliasi alichora ramani ya bweni, wakoromaji karibu na mlango, wenye usingizi mwepesi mwisho kabisa, na lazima isemwe kwamba ilikuwa ramani nzuri.

Shughuli nazo zilipangwa. Jumamosi saa saba mchana, pilau ya Idd. Saa nane, mazungumzo ya mwongozaji: "Wanyamapori na Ujenzi wa Taifa." Saa tisa, kuwasaidia wanakijiji wa jirani kupalilia kwa muda wa saa moja, muda ambao mwanakijiji yeyote angeweza kuutumia kuwaonyesha watu wa Dar es Salaam jembe linashikwaje. Saa kumi na robo, kuingia mbugani. Saa kumi na nusu, twiga. Saa kumi na moja kasorobo, tembo. Saa kumi na moja kamili, simba. Mwongozaji, askari wa wanyamapori ambaye kwa mwandiko alionekana mtu mpole, alijibu kwamba atawatembeza kwa moyo wote, ila kuhusu saa ya simba hawezi kuahidi. Eliasi aliona ni uzembe. Akamwandikia tena.

Ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, ulisema: GARI LITAONDOKA MSIMBAZI JUMAMOSI SAA KUMI NA MBILI KAMILI ASUBUHI. HALITAMNGOJA MTU. Nakala alipewa dereva, Bakili, Myao wa Tunduru, mtu wa maneno machache, mwenye kasoro moja kubwa kwa mtumishi wa shirika: alikisoma anachopewa, kisha akakifanya.

Safari iliwekwa siku ya Idd ili kazi isisimame. Kalenda ya ukutani kwa Eliasi ilionyesha Idd el Fitri ni Jumamosi, kwa wino mwekundu, na Eliasi aliuheshimu wino mwekundu. Yeye alikuwa Mkatoliki. Sikukuu zake zilijulikana tarehe zake tangu mwaka uliotangulia, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna nyingine zinazongoja mtu atazame juu. Wajumbe wa kamati walikuwa saba, watano kati yao Waislamu, na wote watano waliipitisha tarehe. Walisema "inshallah". Katika muhtasari Eliasi aliandika "wote waliafiki".

Jumatano ya wiki ya safari kitu fulani kilimtekenya, akaenda kwa Ghanim, mwenye duka la kona, aliyempa ile kalenda.

"Ndugu Ghanim, kalenda yako ina uhakika?"

"Uhakika wa nini?"

"Idd. Imeandika Jumamosi."

"Ndugu Katibu, ulinunua sabuni na mafuta ya taa mwaka mzima, nikakupa kalenda. Mwezi sikukuuzia."

"Lakini imechapishwa."

"Imechapishwa mwaka jana. Aliyeichapisha hakupanda kwanza huko juu kuuliza." Ghanim alimwonea huruma kidogo. "Huenda ikawa Jumamosi. Huenda Jumapili. Ijumaa jioni tutajua."

"Ijumaa jioni si kuchelewa mno kwa safari?"

"Kwa mwezi ni wakati wake."

Eliasi aliandika katika daftari: "Nimeonana na mwenye kalenda." Akalala vizuri siku mbili.

Ijumaa baada ya magharibi Mtaa wa Mkunguni ulisimama nje ukitazama upande wa bonde la Msimbazi, ambako kulikuwa na mawingu, moshi wa mikaa na hakuna mwezi. Eliasi alisimama pamoja nao, kila mara akitazama saa yake ya mkono.

"Mama Severa," Zamzam aliita kutoka kibarazani, "mumeo anamwandikia mwezi barua ya kuchelewa kazini."

Theopista alikuwa anafunga kikapu. Asubuhi ile alikuwa ameaga sokoni. Aliaga kwa sauti, kila meza, kama mtu anayechoma daraja nyuma yake ili asirudi.

Redio ya Ghanim ilitangaza kwamba mwezi haukuonekana. Kesho ni kukamilisha thelathini. Mtaa ulipokea habari hiyo kwa utulivu, wanawake wakarudi jikoni kufikiria daku, na hakuna aliyeonekana kushangaa isipokuwa mtu mmoja, aliyekuwa na pilau ya saa saba mchana.

Alimngojea Mzee Abbasi nje ya msikiti mpaka tarawehe ilipokwisha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Katibu. Umekuja kusilimu?"

"Nimekuja kuomba kikao cha dharura. Ukurasa wa saba una pilau kesho mchana, na kesho mmefunga."

"Basi tutakula magharibi."

"Magharibi mko mbugani na mwongozaji."

"Basi itasogezwa."

"Ndiyo hiyo, mzee. Ilipitishwa na kamati. Siwezi kuisogeza mimi."

Mtu mwingine angesema, isogeze, nimekuruhusu, nenda kalale. Lakini Mzee Abbasi alikuwa mwenyekiti wa kweli, na kamati ilikuwa haijakutana kwa dharura tangu iundwe. Alifikiri, akapangusa kofia yake.

"Kesho alfajiri, baada ya sala. Pale pale kwenye basi. Uje na daftari la muhtasari."

Basi lilifika Msimbazi saa kumi na moja na nusu, na Bakili akazima injini. Watu walikuja kwa vikundi. Kumi na mmoja walikuja kusema hawaendi: Idd wataswali na watoto wao, nyumbani, kama ilivyo haki. Jambo hilo lilieleweka kwa kila mtu, na likaharibu ramani ya bweni. Waliobaki, pamoja na Theopista, walikuwa kumi na tisa, karibu nusu Wakristo, wengine Waislamu, na hao wa pili walianza kuulizana kama aliye safarini anaruhusiwa kula.

"Msafiri ana ruhusa," alisema kijana mmoja wa idara ya rangi. "Atalipa baadaye."

"Msafiri mwenye haja," akajibiwa. "Wewe unakwenda kumtazama punda milia."

"Haja ni haja."

"Mimi nimekula daku langu na nimefunga," Zamzam alisema, akipandisha kikapu chake na cha Theopista. "Kumwona tembo hakufunguzi. Tupandeni."

Kamati ilikuwa imeketi juu ya benchi nje ya duka la Ghanim, hatua thelathini kutoka kwenye basi. Wajumbe wawili hawakutokea. Walikuwa watano, na watano ndiyo idadi ya chini inayokifanya kikao kuwa halali, yaani akidi, na wa tano alikuwa Eliasi. Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi Mwenyekiti alifungua kikao. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha amua kuswali Idd mjini, kwa hiyo hakuwa na haraka ya kwenda popote. Agenda ya kwanza, kufungua. Agenda ya pili, kusoma na kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita.

"Mzee, tungeanza na pilau," Eliasi alisema.

"Katibu, wewe ndiye uliyetufundisha utaratibu."

Eliasi akasoma. Muhtasari ulikuwa mrefu, kwa sababu aliuandika yeye. Mjumbe mmoja aliona jina lake limekosewa. Mwingine alikumbuka kwamba hakusema hivyo, alisema karibu hivyo.

Theopista alitoa kichwa dirishani.

"Baba Severa, panda!"

"Nakuja, tuko kwenye muhtasari."

"Wa nini?"

"Wa kikao kilichopita."

"Si kimeshapita?"

Saa kumi na mbili kamili Bakili aliwasha injini. Eliasi alimpungia mkono angoje. Bakili alishuka, akaja taratibu mpaka kwenye benchi, akafungua karatasi aliyoikunja mara nne.

"Hapa pameandikwa halitamngoja mtu."

"Dakika kumi tu, ndugu."

"Pana sahihi."

"Sahihi ni yangu! Mimi ndiye niliyeandika."

"Ndiyo maana nakuonyesha wewe," Bakili alisema kwa adabu. Akarudi kwenye basi.

Eliasi aliinuka nusu. Mkono wa Mzee Abbasi ulimshika shati.

"Ukiinuka, akidi imekufa. Akidi ikifa, safari haina idhini, na wote walio mle ndani wamekwenda kinyume cha kamati. Pamoja na mkeo."

Kuna waume wanaowanunulia wake zao kanga. Kuna wanaowaimbia. Eliasi aliketi tena kwenye benchi, akashika kalamu nyekundu, ili safari ya mkewe iwe halali. Theopista alimtazama mpaka basi lilipopinda. Zamzam alikuwa amekwisha hamia kwenye kiti cha Katibu, kilichokuwa cha dirishani.

Saa moja na robo kamati ilipitisha kwa kauli moja kwamba pilau isogezwe na kwamba basi liondoke. Kwa mujibu wa ukurasa wa pili, basi wakati huo lilikuwa Mlandizi.

Jumamosi ile Eliasi alishinda ukumbini, kwenye mkeka, na mpango magotini. Saa tatu aliwaambia watoto kwamba sasa mama anakunywa chai Chalinze. Saa saba alisema sasa wanakula, akakumbuka, akafuta. Jioni aliacha kusema. Severa, binti yake mkubwa, alikuwa anachambua mchele.

"Baba, mama ameshamwona tembo?"

Eliasi alitazama saa.

"Bado dakika nne."

Msichana alichambua mchele dakika nne.

"Sasa?"

"Sasa ndiyo," alisema, na sisi wapangaji wenzake, nyumba nzima, tulisikia kwamba hakuwa na uhakika.

Walirudi Jumapili jioni, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Theopista aliweka kikapu, akaomba maji, akanywa vikombe viwili. Eliasi alikuwa na daftari tayari.

"Twiga saa ngapi?"

"Sijui."

"Tembo?"

"Jumamosi hawakuwepo. Mwongozaji alisema wamekwenda kwenye maji. Zamzam na wenzake wakafungulia tende na chai bwenini, wakoromaji wakalala mlangoni kama ulivyochora, tukalala vizuri kweli. Hilo nakupa." Alivua viatu. "Asubuhi wakaswali Idd yao pale nje, mwongozaji naye akaswali nao. Bakili akachinja yule mbuzi, tukala pilau. Misa ya Jumapili imenipita, Padri nitamweleza mwenyewe. Halafu tukaingia tena."

"Kulipalilia shamba je?"

"Wanakijiji walikuwa kwenye sikukuu. Nani akulimishe siku ya Idd?"

"Halafu?"

"Halafu tulimkuta njiani. Jike, na mtoto wake. Gari likazimwa. Alikuwa karibu kama mlango wa choo ulivyo na hapa. Anang'oa majani, anayapiga gotini kuondoa udongo, anakula. Hakututazama kama wageni, hakututazama kabisa." Theopista alijifuta vumbi machoni. "Ana kope, Baba Severa. Ndefu. Sikujua tembo ana kope."

Eliasi alikuwa ameshikilia kalamu ya bluu juu ya karatasi.

"Saa ngapi hiyo?"

"Nimekwambia sijui."

"Mwongozaji hakuandika?"

"Mwongozaji alikuwa anamwangalia tembo."

Jumatatu sokoni walikuwa wamejiandaa. Meza nne ziligeuka alipofika, na mmoja akauliza kwa upole wa uongo kama tembo hawajambo. Theopista alitandaza gunia lake, akapanga mafungu, akasema hawajambo, na wana kope. Akaeleza. Mpaka saa nne walikuwa wamemzunguka wauza vitunguu, wapagazi wawili na mwanamke aliyekuja kununua bamia na kusahau bamia. Kuhusu mumewe, hakuna aliyeuliza tena alikuwa wapi. Kila mtu alikuwa amekwisha jua, maana Ghanim ana mdomo.

Kamati ilikutana wiki iliyofuata. Safari ilithibitishwa kuwa imefana kwa asilimia tisini, na Katibu akapongezwa kwa kazi yake ya kuisimamia kutoka makao makuu. Eliasi alirudi nyumbani na karatasi ya pongezi yenye muhuri. Theopista aliisoma yote, kwa makini, akamrudishia.

"Imeandikwa vizuri," alisema. "Sasa sikiliza. Desemba tunakwenda tena, kuona maporomoko ya maji kule milima ya Morogoro. Zamzam ameshazungumza na Bakili, na yule mwongozaji ana ndugu yake huko atakayetutembeza. Viti ni kumi na vinane."

"Kamati gani imepitisha?"

"Hakuna."

Eliasi alikaa kitandani.

"Kuna nafasi?"

"Mwulize Zamzam. Orodha anayo yeye."

Theopista alitoka kwenda kuchochea moto. Eliasi alibaki peke yake, akavuta karatasi, akaandika tarehe juu upande wa kulia, kumbukumbu namba upande wa kushoto, na "Yah: Maombi ya Kiti Kimoja". Alieleza sifa zake. Katika kipengele cha kukoroma alijaza "kiasi", kisha akafikiri, akakata, akaandika ukweli. Barua aliipeleka kwa mkono, vyumba viwili kutoka chake, akasimama mlangoni akingoja.

Zamzam aliisoma akiwa ameshika mwiko.

"Sawa, shemeji," alisema. "Ila sisi tunaondoka saa kumi na mbili."